Meza Isiyotetemeka

Nikitaka kumweleza mtu huyu naanzia miguuni, maana miguu yake niliizoea kabla ya uso. Mimi nauza spea za malori zilizotumika, hapa Chapwa, mjini Tunduma, kando ya barabara kuu ya kwenda mpakani. Nakaa chini muda mwingi, napanga bushi na raba kwa ukubwa wake. Basi nikiwa nimeinama hivyo, naona viatu vyeupe vya kazi vinapita. Vinakwenda, vinarudi. Vinasimama, kisigino kimoja kinagonga chini, vinaondoka tena. Kabla sijainua kichwa nilikuwa najua ni Mama Maabara, na najua slaidi zake za damu zimemshinda.

Tulimwita hivyo sote, wauza matunda, madereva, hata mwenye zahanati aliyemwajiri. Jina analo, lakini hakunituma niandike habari zake, kwa hiyo sitaliandika. Shule yangu iliishia darasa la saba, na mara kwa mara nikiandika kwenye daftari hili najiuliza kama mtu wa namna yangu anaweza kumchora mtu aliyesoma bila kumpinda. Nitajaribu. Palipo na mashaka nitasema pana mashaka.

Alikuwa anasoma damu, makohozi na choo katika zahanati ya mtu binafsi iliyotazamana na meza yangu. Chumba chake kilikuwa cha mbele, dirisha likitazama barabara. Anayeifahamu Tunduma anajua maana yake. Malori yanapanga foleni kuelekea Zambia na injini hazizimwi, kwa sababu ukizima wa nyuma atakuchomekea. Wa mbele akisogea, mstari mzima unaingiza gia, na ardhi inanguruma hadi sufuria ya mama ntilie inagonga mfuniko wake. Hiyo ni mbele. Nyuma ya ukuta wa chumba kilekile palikuwa na mashine ya kusaga mahindi. Katikati ya hivyo viwili ndipo ilipokaa hadubini yake.

Aliwahi kunieleza shida kwa maneno niliyoweza kuyashika. Lenzi kubwa kabisa, ile ya kutafutia vijidudu vya malaria, inakuza kila kitu, na mtetemo nao inaukuza. Tikisiko ambalo mimi silisikii hata nikiweka kiganja mezani, kwake ni tetemeko. Anachokitafuta kinaruka, jicho linakifukuza, kinaruka tena.

Sasa hapo ndipo ilipoanzia tabia yake iliyomletea maneno. Slaidi ikiruka, hakuandika kwamba hakuna vijidudu. Aliandika haikusomeka, rudi kesho asubuhi. Watu walichukia. Namkumbuka dereva mmoja wa Zambia, mtu mzima mwenye haraka, alisimama mlangoni pa maabara na cheti mkononi. "Andika tu hakuna, mukwai," alimwambia kwa adabu ya kwao. "Gari langu liko kwenye foleni."

"Gari lako ndilo linalonizuia kuona," alijibu. "Nenda kalizime. Mwambie wa mbele yako azime, na wa mbele yake, mpaka Nakonde huko kwenu. Halafu rudi, nitakusomea."

Tulicheka, dereva naye akacheka, lakini akaenda kupima zahanati nyingine. Na wengi walikwenda huko. Nataka niwe wa haki kwa mwenye zahanati, maana watu wanamsema vibaya. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na chumba kinachorudisha wagonjwa, na kabla mavuno hayajaanza alimwambia Mama Maabara mbele ya wafanyakazi wote kwamba atampa muda mpaka mahindi yaishe. Kama mpaka hapo bado anaandika haikusomeka, chumba kitakuwa stoo ya dawa, na sampuli zitapelekwa kwa basi hospitali kubwa, majibu yarudi kesho yake au keshokutwa. Alikwisha kumwagiza seremala rafu za dawa.

Mama Maabara alivuka barabara siku hiyohiyo akaja mezani kwangu. Hakuketi kwenye kigoda nilichomsogezea, hajawahi kukiketia. "Mtoto mwenye homa hasubiri basi," alisema. "Nionyeshe raba zako zote."

Namna yake ya kuchagua raba ilikuwa kero na starehe pamoja. Fundi wa magari anauliza saizi, analipa, anaondoka. Yeye alibonyeza kila moja kwa ukucha wa kidole gumba, akaitazama alama inavyopotea. Alizinusa. Kisha aliziangusha sakafuni moja moja, akisikiliza. Iliyodunda juu aliisukuma pembeni kwa kiatu. Alisema hiyo inarudisha kila inachopewa, na yeye anataka raba inayokufa ikianguka. Niliziokota nyuma yake, nikinung'unika, na tangu siku hiyo nami naziangusha zangu kabla ya kuzinunua.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Mtu aliyetafuta utulivu kuliko wote Tunduma hakuweza kutulia hata kidogo. Chai alikunywa anatembea. Kanisani aliimba kwaya, tena sauti ya pili, lakini mahubiri yakirefuka utamwona anachungulia mlango, na mara hayupo. Aliwaambia kina mama wavumilie foleni ya kutolewa damu, yeye mwenyewe hakuwahi kungoja chenji. Alikemea watu wanywe maji yaliyochemshwa, akimaliza kukemea anachota kwenye ndoo yangu. Na redio yake, jamani, aliifungulia sauti mpaka nje. Nilimuuliza inakuwaje, akasema kelele si tatizo, kelele inaingia masikioni, anayemtesa ni mtetemo, yule anayeingia kwa miguu ya meza.

Pia alikuwa mkali kuliko ilivyolazimu. Alimliza dada wa mapokezi kwa sababu ya kufunga mlango kwa nguvu. Nilikuwepo. Hakuomba radhi, ila keshoye niliona amemletea parachichi nne kutoka kwao, na dada yule akazipokea. Sijui kama hiyo ni radhi au ni parachichi tu.

Raba alizochagua mwanzo ni mauntini za lori, zile raba nene zenye chuma juu na chini, ambazo injini inakalia. Hapa kwetu lori ndilo kipimo cha kila kitu. Kamba ni nzuri kama inavuta lori, jeki ni nzuri kama inainua lori. Mafundi wote waliokuwa wanapita walisema kitu kinachobeba injini ya lori hakiwezi kushindwa na kidude cha kutazamia damu. Mimi pia niliamini, na yeye msomi aliamini. Alizipanga nne chini ya meza yake akanipungia mkono dirishani.

Jioni yake alirudi nazo kifuani kama mtu aliyebeba kuku. Haikubadilika chochote, alisema, kama vile ameweka mawe. Akaiweka moja chini, mbele ya meza yangu, akapanda juu yake kwa viatu vyake vyeupe. Akanitaka nipande nami. Nikapanda, tukashikana mabega tusianguke. Matandiboi wa foleni, wasaidizi wa madereva, walikuwa wamekaa juu ya mzigo wakaona kila kitu. Mmoja akasema Raba ameoa, mwingine akauliza harusi lini. Raba ni mimi, ndivyo wanavyoniita.

Mama Maabara hakuwasikia. Alikuwa anatazama chini. "Haijabonyea," alisema. "Watu wawili wazima, na haijui kama tupo. Raba isipobonyea haizuii kitu, Raba, inapitisha tu. Hii inasubiri injini."

Hapo nilielewa jambo ambalo nilikuwa naliuza miaka yote bila kulielewa.

Akahamia upande wa pili. Alikata sifongo la godoro, akaliweka chini ya hadubini. Likabonyea sana, kupita kiasi, na sasa hata pumzi yake iliiyumbisha. Akaja akaomba springi za pikipiki. Hizo nilimwambia sizipendi, lakini sikuwa na sababu ya kumpa, kwa hiyo alizichukua. Malori yaliposimama yakiunguruma polepole, springi zikaanza kuruka nayo, na picha ikawa mbaya kuliko siku zote. Alinieleza kwa mfano wa bembea, kwamba mtoto ukimsukuma kila anaporudi, hata kwa kidole, mwisho atafika juu. Lori lilikuwa linasukuma, springi zinarudi kwa wakati uleule.

Mahindi yalikuwa yameshaanza kushuka kwa wingi kutoka Mbozi. Malori ya mazao yaliongezeka, na mashine ya nyuma ya ukuta ilisaga toka alfajiri. Rafu za dawa zililetwa, zikaegeshwa kwenye korido ya zahanati, na kila akipita kwenda chooni ilimbidi apite ubavuubavu. Siku hizo alikonda. Aliongea peke yake njiani. Nilimwona anabonyeza maembe sokoni kwa ukucha uleule, muuzaji akamfukuza.

Kilichofuata aliking'amua mwenyewe, mimi sikuchangia ila tyubu. Alitaka tyubu ya ndani ya tairi la toroli. Akaijaza upepo nusu, ikalegea kama tumbo la mtu aliyefunga. Juu yake tukaweka kipande cha zege kilichobaki mtaroni, kizito, tulikibeba watu watatu. Hadubini ikakaa juu ya zege. Zege liliibonyeza tyubu sawasawa. Aliinama kwenye lenzi, na nje mstari ukasogea, na gia zote zikaingia, na yeye hakuinua kichwa. Kila asubuhi baada ya hapo aliijaza tyubu kwa pampu ya baiskeli, maana ilikuwa inapoteza upepo taratibu na zege linainama upande.

Kwa malori ikatosha. Kwa mashine ya kusaga ilipunguza tu. Ilikuwa imekaa karibu mno, sakafu ya zahanati na sakafu yake zilimwagwa siku moja, zege moja.

Mwenye mashine alikuwa mzee wa Kinyiha, mtu wa Mbozi, mwenye kahawa nyumbani na mashine mjini, mzee wa kanisa. Mashine yake aliizika mwenyewe kwa bolti nene ndani ya zege. Alisema mashine ni kama ng'ombe, usipoifunga utaikuta kwa jirani. Yeye na Mama Maabara walikuwa na ugomvi wa ukuta, kila mmoja akisemea upande wake ili mwenzake asikie. Mzee alisema kuna mama anataka nchi nzima inyamaze apate kutazama mate. Mama naye akajibu kwamba kuna mzee anataka nchi nzima itetemeke apate kula dona. Sisi wa barabarani tulizipeleka kauli hizo huku na huku kama mali ya magendo.

Siku moja alikuja mezani kwangu anatembea haraka kuliko kawaida. "Zile raba za lori hazikuwa mbaya," alisema. "Nilizipeleka kwa asiye na uzito. Wa kuzikalia ni mashine ya mzee."

Nikamwambia mzee hatakubali. Akasema anajua. Hata hivyo alivuka, na nilimfuata kwa sababu nilitaka kuona atakavyofukuzwa.

Hakumwomba kitu. Alimwamkia shikamoo, mzee akaitika kwa shida, mama akamwambia anaomba aje atazame kitu kidogo tu. Mzee alivaa miwani yake, akamwachia mkwewe mashine, akaja na unga kwenye nyusi. Mama Maabara alimkalisha kwenye kiti cha maabara na kumwonyesha pa kuweka jicho. Mzee aliinama, akaweka jicho.

"Wanacheza," alisema.

"Wanachezeshwa," alijibu Mama Maabara. "Mwambie mkweo azime."

Mzee aligonga ukuta kwa ngumi, akapaza sauti kwa Kinyiha. Mashine ikafa. Nilimwona mzee bega lake linashuka. Alibaki na jicho kwenye lenzi muda mrefu. Akauliza vile vipete vidogo ndani ya yale madoa ni nini. Mama Maabara alimwambia ni malaria ya mtoto wa mtu, amekwenda nyumbani na cheti cha haikusomeka. Mzee akasimama, akavua miwani, akaifuta kwa shati lenye unga, ikachafuka zaidi.

"Jumapili," alisema. "Baada ya ibada."

Jumapili madereva wa foleni walitoa jeki na mitaimbo. Bolti zilikatwa, na mzee alitazama pembeni wakati zinakatwa. Mashine ikainuliwa, mauntini nne zikaingia kwenye pembe, mashine ikashushwa. Mama Maabara alikuwa amelala kifudifudi sakafuni na gauni lake la kanisani, shavu chini, akizitazama.

"Imebonyea," alisema polepole, kama mtu anayesema mtoto amelala.

Ningependa kuandika kwamba mambo yaliisha hapo. Lakini mzee alilipia. Kina mama waliozoea mashine ile walikuwa wanaisikia kwenye nyayo. Ukisimama na debe lako sakafu inakutikisa mpaka magoti, unajua mahindi yako yanasagwa. Sasa sakafu ilitulia, wakasema mashine imechoka, mzee amenunua injini mbovu, unga utakuwa chengachenga. Wakaanza kubeba madebe yao kwenda mashine ya mtaa wa juu. Mwishoni mwa wiki mzee alisimama mlangoni mikono nyuma, na alimwambia mkwewe atafute fundi wa kuchomelea bolti mpya.

Alichofanya Mama Maabara sikukitegemea kwa mtu asiyeweza kungoja chenji. Alikwenda na debe la mahindi kichwani, na koti jeupe mwilini, akapanga foleni. Alisimama. Zamu yake ilipofika aliuchota unga, akawapitishia wanawake mmoja mmoja waupekeche kwa vidole, akiwauliza kama wanasikia chenga. Aliwaambia mtetemo walioukosa miguuni haukuwahi kusaga hata punje moja, ulikuwa unakwenda kwake kumharibia macho.

Mzee akasema toka ndani, wote wasikie, "Umenichukulia wateja kumi, umeniletea debe moja."

"Kesho naleta la kwaya," alisema.

Alilileta. Wanawake wakarudi, si wote. Wapo mpaka leo wanaosaga mtaa wa juu kwa ajili ya jambo hilo, na mzee mpaka leo anawahesabu anapokuwa na hasira. Bolti hakuzirudisha.

Mahindi yalipokwisha, mwenye zahanati aliingia chumba cha maabara, akasimama. Nilimwona kupitia dirishani. Alitazama tyubu, akatazama zege, akaligusa kwa kidole, akatoka. Seremala alikuja, akazifunga rafu hukohuko kwenye korido. Watu wanapita ubavuubavu mpaka leo. Chumba kikabaki maabara.

Aliondoka misimu kadhaa baadaye. Wapo wanaosema alifukuzwa kwa ukali wake, wapo wanaosema mwenye zahanati alitaka slaidi zisomwe haraka zaidi na yeye akagoma kuharakisha. Siwezi kuthibitisha lolote. Yeye aliniambia kwa simu kwamba Tunduma sasa wasomaji wa slaidi wapo, na alikosikia kwamba hakuna hata mmoja ndiko alikokwenda. Pengine yote ni kweli. Pengine pia hakuweza kukaa mahali palipokwisha kutengenezwa.

Mwishoni mwa mwaka jana alimtuma dereva wa Hiace ya Itumba aniambie nimpelekee raba laini, aina mbalimbali, achague. Ningeweza kumpa dereva mfuko. Niliona atapeleka zinazodunda. Nikapanda mwenyewe mpaka Itumba, toka pale pikipiki mpaka Ikinga, mvua ikitunyeshea kwenye miinuko. Njia nzima nilisikia kitu kinanisumbua, nikajua ni ukimya.

Kituo cha afya alichohamia kimejengwa kwenye mteremko, na chumba chake kimeinuliwa kwa nguzo, sakafu ni mbao. Kwenye benchi la nje alikaa mama mmoja amempakata mtoto wa kike aliyelala kinywa wazi, uso unang'aa kwa homa. Nilimwamkia, nikasukuma mlango, nikaingia na viatu vyangu vya matope.

Alikuwa ameketi. Miaka yote ile sikuwahi kumwona ameketi bila mguu mmoja kuchezacheza. Nywele zimekuwa nyeupe. Jicho lilikuwa kwenye lenzi, na kioo cha hadubini kimegeuzwa kupokea mwanga wa dirisha.

"Simama hapo hapo, Raba," alisema bila kugeuka.

"Shikamoo, mama."

"Usisogee. Mbao hizi ni moja, ukikanyaga hapo mimi huku naona. Hapa hakuna lori. Lori ni wewe."

Nikasimama. Mguu mmoja ulikuwa umetangulia, na mfuko wa raba ulinining'inia mkononi, mzito. Nilitaka kuuweka chini nikaogopa. Nilitaka kukohoa. Nje yule mama alikuwa ameanza kunyanyuka kuja kuuliza, na Mama Maabara, jicho bado kwenye lenzi, aliinua kiganja kuelekea mlangoni, na yule mama akabaki nusu amesimama nusu ameketi, mtoto begani. Tulikaa hivyo sote watatu. Nilianza kusikia moyo wangu kwenye nyayo, nikawaza kama nao anauona. Kidole chake kilizungusha kile kigurudumu cha pembeni kidogo sana. Slaidi ikasogea. Kikazungushwa tena. Maji ya mvua yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye suruali yangu, nikaliogopa kila tone.

Kisha aliinua kichwa.

"Ni malaria," alisema kwa sauti ya kawaida. "Mama, mlete mtoto, aanze dawa sasa hivi."

Yule mama akaingia mbio, akanipita mtoto akiwa begani, akanikanyaga mguu, na mbao zikatetemeka kutoka mlangoni mpaka dirishani, na hakuna aliyemkataza.